Mchakato Yupo

Jumatatu, baada ya wimbo wa shule na matangazo ya vitu vilivyopotea, Rais wa Serikali ya Wanafunzi alipanda jukwaani kujibu maswali. Jukwaa lilikuwa la saruji, limemeguka pembe moja, na Rais, ambaye shule nzima mpaka wapishi walimwita Mheshimiwa, alikuwa na tai iliyozidi kurefuka kadiri muhula ulivyosonga. Nyuma yake mawaziri wake walijipanga mstari, mikono nyuma, macho mbele, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Wa mwisho upande wa kulia alikuwa Waziri wa Afya na Usafi, msichana wa kidato cha tatu, binti wa fundi seremala. Baba yake alianza kumwita Waziri kwa utani siku alipochaguliwa, na utani ukanoga. Sasa hata nyumbani hakuna aliyemwita vingine.

Swali lilikuwa moja, lile lile la kila Jumatatu. Aliyeuliza safari hii alikuwa mdogo wake Waziri, Kitinda, mtoto wa mwisho wa fundi, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huo. Aliuliza milango ya vyoo vya wasichana itarudi lini. Aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa amekanyaga mguu mmoja juu ya mwingine, na Waziri akatazama pembeni kwa aibu, maana yeye ndiye aliyeomba kura kwa milango hiyo.

Milango ilikuwa imetolewa mwaka juzi ili ipakwe rangi. Ikapakwa, na ikapendeza mno hata ikaonekana ni hasara kuirudisha chooni. Miwili ilikuwa mbao za matangazo nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Mmoja uliziba dirisha la maabara. Wa nne ulikuwa meza ya Baraza la Wanafunzi. Bado ulikuwa na tundu la kitasa, na Mheshimiwa alikuwa akisimika kalamu zake humo. Hakuna aliyeficha jambo hili. Ni kwamba mlango ule sasa ulikuwa meza, meza ilikuwa na namba ya mali ya shule, na mali ya shule haihamishwi hovyo.

Mheshimiwa alisafisha koo. Kwa kawaida alijibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato, watu wakapiga makofi, mambo yakaisha. Lakini siku hiyo mkuu wa shule mwenyewe alikuwa amesimama kibarazani na kikombe chake cha chai, na Mheshimiwa alitaka kuongeza uzito.

"Ndugu wanafunzi," alisema, "niwahakikishie. Mchakato yupo."

Alitaka kusema upo. Ulimi uliteleza. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa zamu, alikunja uso kama aliyeuma kokoto kwenye wali. Wanafunzi wakacheka, wakapiga makofi vilevile, wakaenda madarasani.

Kesho yake asubuhi Waziri alifungua stoo ya mifagio, iliyo ubavuni mwa ofisi ya Baraza, akamkuta Mchakato amelala.

Alikuwa na ukubwa wa ndama, rangi ya saruji mbichi, na manyoya magumu kama ya zulia la kufutia miguu. Macho hayakuonekana. Masikio yalikuwepo, mapana na laini, na yaligeuka kila mtu alipovuta pumzi ya kutaka kusema. Stoo yote ilinuka karatasi zilizonyeshewa. Waziri alimwomba radhi, akamruka, akachukua mfagio alioujia, kisha akaenda kumwarifu Mheshimiwa.

"Ni mkali?"

"Mpole."

"Basi mwache apumzike. Tuna kikao."

Katika chumba cha walimu mjadala uliendelea wiki nzima, na haukuwa juu ya ametoka wapi. Ulikuwa juu ya sarufi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amepanga kumwadhibu Mheshimiwa mbele ya shule kwa kumpa mchakato kitenzi cha viumbe hai. Lakini kwanza alikwenda stoo, maana alikuwa mtu wa haki. Akaweka kiganja kwenye mbavu za Mchakato, akahisi zikipanda na kushuka, akarudi darasani akafuta alichokuwa ameandika ubaoni.

"Kiboko akila majani ni mnyama," aliwaambia wanafunzi. "Kiboko kikikulia mgongoni ni fimbo. Kinachoamua ni uhai. Mchakato anapumua, kwa hiyo yupo, analala, anakula. Atakayeniandikia mchakato upo, nitamkata alama."

Kwamba anakula kulijulikana kwa bahati. Golikipa wa shule aliingia stoo kutafuta ndoo, akiwa amefura kwa hasira kwa sababu mpira wa timu ulichukuliwa na ofisi ili utunzwe, na ukatunzwa kweli, hakuuona tena. Alisimama pale akinung'unika peke yake. Mchakato aliinua sikio moja, akalielekeza kwake, halafu ikasikika sauti ya kumeza, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Golikipa alitoka akipiga mluzi. Alipoulizwa kuhusu mpira alisema ndiyo, mpira haupo, lakini alisema kama mtu anayeikumbuka mvua ya mwaka jana. Na Mchakato alikuwa ameongezeka kidogo kiunoni.

Baada ya hapo hakukosa chakula. Mapumziko yote watu walipanga foleni koridoni na malalamiko yao: benchi lililovunjika, maharage yenye mawe, mwalimu wa hesabu aliyeingia darasani mara moja tangu muhula uanze na hiyo mara moja alikuwa amekosea darasa. Kila aliyeingia alitoka mwepesi, amekunjua uso, na alichokuja kulalamikia kikabaki pale pale kilipokuwa. Mheshimiwa hakuwahi kuongoza kwa raha namna hiyo. Zamani alilazimika kutunga majibu. Sasa alikuwa na moja tu, fupi, na halikuhitaji hata kushusha mguu kutoka mezani.

"Umempelekea?"

Waziri hakumpelekea kitu. Aliogopa. Alikuwa na hasira moja tu maishani na alihisi ataihitaji.

Hasira yenyewe ilikuwa ya Kitinda. Wiki yake ya kwanza shuleni Kitinda aliingia chooni kama mtu yeyote, na wavulana wawili wakapita wamebeba dawati wakilipeleka bohari, kwa kuwa njia ya bohari ndiyo hiyo. Mmoja alimwamkia. Alimwamkia kwa adabu kabisa, dawati kichwani, akaendelea na safari yake. Kitinda alisema nyumbani kwamba kama angemcheka ingekuwa afadhali. Tangu siku hiyo hakunywa kitu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Chai aliiacha mezani ikapoa. Midomo ilimpasuka. Jioni alikuja mbio, akampita baba yake karakanani bila salamu, akaenda moja kwa moja uani, na aliporudi ndipo alipobugia maji jagi zima, akihema.

Mara mbili alishikwa na homa na maumivu ya tumbo la chini. Daktari alimpa dawa, akamwambia anywe maji mengi, hasa mchana. Kitinda akaitikia vizuri sana, kwa sababu alilelewa kuitikia wakubwa. Safari ya pili Waziri alibaki nyuma chumbani kwa daktari, akamweleza kuhusu milango. Daktari alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hiyo sasa ni ya uongozi wa shule.

"Uongozi ni mimi," alisema Waziri.

"Hongera," alisema daktari, akaita mgonjwa mwingine.

Waziri alifikiri sana. Halafu Jumatatu iliyofuata, zamu ya wizara yake ilipofika, alisogea mbele ya jukwaa akakaza sauti.

"Milango wapo," alisema.

Shule nzima ikasubiri. Waziri alitazama upande wa vyoo. Hapakuwa na kitu ila kuku wa mpishi akichakura. Mwalimu wa Kiswahili alimsahihisha palepale, mlango hauna uhai, sema ipo au haipo, na Waziri akarudi mstarini masikio yakimwaka moto. Ilionekana kwamba kosa la waziri halina nguvu za kosa la rais.

Klabu ya Huduma ndiyo iliyochukua hatua. Klabu hii ilikuwa na vizibao vya kijani, mlezi mwenye kamera, na kiu ya kumsaidia mtu isiyokatika. Ilikwisha kupaka chokaa mawe yote ya bustani na kuwavusha barabara wazee wengi, baadhi yao wakiwa hawaendi upande huo. Kila tendo lilimpa mwanachama alama, na alama zilimpa cheti, na cheti kilisemekana kufungua milango. Mwenyekiti wake, msichana mwenye tabasamu lisilopumzika, alisikia habari za vyoo akaguswa hasa. Juma lile lile alizindua mradi wa Mlango wa Hiari. Mwanachama mmoja angesimama mbele ya kila choo, amempa mgongo aliye ndani, amenyoosha mikono, na kizibao chake cha kijani kingekuwa mlango.

Mlezi alipiga picha nyingi. Zamu zikapangwa. Milango ikafundishwa kusimama wima, kutogeuka, na kusogea upande ikibishwa begani.

Waziri alimbembeleza Kitinda ajaribu japo mara moja. Kitinda akajaribu. Mlango aliyempata alikuwa wa darasa lake, na mlango huyo alikuwa akipiga soga na mlango wa jirani kuhusu jaribio la hesabu. Kitinda alipochuchumaa tu, mlango akamuuliza, bila kugeuka, kwa nia njema kabisa, swali la tatu alipata ngapi. Kitinda alisimama, akavuta sketi, akambisha begani, akatoka kama alivyoingia.

"Dada," alimwambia Waziri, "mlango unaosikia si mlango."

Mwalimu wa Kiswahili alifika kukagua mradi. Alisimama mbele ya mlango wa kwanza, mlango akapiga chafya, na mwalimu akasema, "Afya." Akaondoka ameinamisha kichwa, akifikiri. Jioni alitoa uamuzi: kwa kuwa milango hawa wanapumua, wanachoka na kupewa mapumziko ya chakula, watachukua upatanisho wa viumbe. Jumatatu Mheshimiwa alipanda jukwaani, akarekebisha tai iliyofika sasa chini ya mkanda, na kutangaza kwamba serikali yake imetimiza ahadi.

"Ndugu wanafunzi, milango wapo."

Mwalimu wa Kiswahili aliafiki kwa kichwa. Makofi yalikuwa marefu. Waziri, mwisho wa mstari upande wa kulia, aliyasikia maneno yake yakipigiwa makofi kwenye kinywa cha mwingine, na damu ikamchemka hata akahisi utosi unavuta. Sentensi ilikuwa sahihi. Hakuwa na pa kuikamatia.

Siku hiyo alimwambia baba yake kila kitu, tangu salamu ya mvulana mwenye dawati. Alimwambia karakanani, Kitinda akiwa hayupo, kwa sababu haya si mambo ambayo binti humwambia baba yake kirahisi. Fundi alizima mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Choo bila mlango hicho ni jukwaa," alisema mwishowe. "Vipimo unavyo?"

Waziri alikuwa navyo, alivipima kwa kamba ya sketi yake ya michezo. Baba alichambua mabaki ya mbao yaliyokuwa yamelala nyuma ya karakana tangu kazi ya kanisa, akayaunga, akayapiga randa mpaka yakawa laini kama kigae. Akatia bawaba nzito. Akatia na komeo la ndani kwenye kila mlango, na makomeo aliyajaribu mwenyewe, akijifungia na kujifungulia, mpaka aliporidhika kwamba msichana mwenye mikono midogo atayaweza. Kitinda alikuwa akipita karakanani na kuyagusa. Asubuhi moja alikunywa nusu kikombe cha chai.

Fundi aliileta milango shuleni kwa mkokoteni, minne, imefungwa kwa magunia isikwaruzike. Mkuu wa shule aliipokea kwa mikono miwili.

"Fundi, umetutoa kimasomaso. Shule imepokea."

"Nina bisibisi hapa. Niifunge sasa hivi?"

"Usijisumbue. Kuna utaratibu wake."

Fundi alimtazama binti yake. Waziri alisema atasimamia yeye, baba asiwe na wasiwasi, na fundi akaondoka na mkokoteni mtupu. Milango ikaegeshwa koridoni, nje ya stoo ya mifagio, kwa muda.

Stoo yenyewe haikuwa stoo tena. Mchakato alikuwa amenenepa hata ukuta wa mbele ukabomolewa ili apate hewa, na sasa alionekana kutoka uwanjani, mkubwa kama lori la mchanga lililoegeshwa. Sifa zake zilivuka mipaka. Serikali za wanafunzi za shule nyingine zilikuja kujifunza utawala bora, zikijipanga mbele yake na sare zao za rangi mbalimbali. Walikuja hata wakaguzi. Wote walisema wamewahi kusikia habari za mchakato maisha yao yote ya kazi, lakini hawakuwahi kumwona kwa macho.

Tatizo likawa kwamba Mchakato hakupenda kutazamwa akila. Mgeni akimkaribia alikunja masikio, akageukia ukutani na kujikunyata, mkubwa vile. Lalamiko la mtu likabaki linaning'inia hewani, na mwenye nalo akatoka nalo. Mbavu zikaanza kumtoka. Manung'uniko yakasikika tena koridoni, na golikipa akakumbuka mpira.

Baraza liliitishwa kwa dharura. Mheshimiwa alisimama mbele ya meza yake yenye tundu la kitasa, na safari hii hakuwa na mbwembwe.

"Wenzangu, jiwekeni kwenye nafasi yake," alisema. "Una shida zako za kimwili, za kawaida kabisa, na kila anayepita anakutazama. Unajizuia. Mchana kutwa unajizuia. Mwili unaharibika. Kiumbe gani anastahili kuishi hivyo?"

Alisema kwa uchungu wa kweli. Waziri wa Michezo alifuta machozi kwa kola. Mwenyekiti wa Klabu ya Huduma, aliyealikwa, alisema kwamba tangu aanze kujitolea hakuwahi kusikia jambo la kusikitisha kama hilo.

Waziri wa Afya alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hayo uliyosema ndiyo yanayowapata wasichana. Neno kwa neno. Mdogo wangu ameugua mara mbili. Milango iliyoko koridoni ni ya vyoo. Baba yangu aliipima kwa vyoo."

Mawaziri walitikisa vichwa kwa heshima.

"Umeieleza vizuri sana hoja hiyo," alisema Mheshimiwa. "Umempelekea?"

Kura ilipigwa, Mchakato apewe milango ya koridoni ajisitiri. Mikono yote ilipanda ila mmoja, na katibu akahesabu kwamba wote wameafiki, kwa sababu mkono wa Waziri ulikuwa mezani umekunja ngumi na haukuonekana vizuri. Alasiri ile ile Klabu ya Huduma ikavaa vizibao. Walijenga upya ukuta mpana wenye nafasi mbili, wakaunga milango miwili mbele na miwili upande wa bustani, na mlezi akapiga picha. Walioshiriki walipata alama mbili mbili, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mikono.

Waziri alisubiri mpaka wakaondoka. Alikuwa na mpango, au alidhani ni mpango. Kama Mchakato anasikia, basi anaweza kuambiwa. Hangemlalamikia. Angemwomba tu, mtu na kiumbe, angemweleza milango ni ya nani, na labda yeye mwenyewe angeona haya akatoka na kuiacha. Aliingia. Alifunga komeo nyuma yake, na komeo likaingia taratibu, bila kelele, kama baba yake alivyokusudia. Ndani palikuwa na giza la kupendeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa peke yake mahali popote katika shule ile.

"Shikamoo," alisema, maana hakujua umri wake.

Kisha akamweleza. Alimweleza salamu ya mvulana, midomo ya Kitinda, daktari, kuku wa mpishi, makofi. Alimweleza nusu kikombe cha chai. Alipofika hapo akalia kwa sauti, akampiga Mchakato ngumi ubavuni, na Mchakato hakumrudishia. Alisogeza sikio tu. Lilikuwa na joto. Ikasikika sauti ya kumeza.

Waziri alitoka akijifuta uso. Jua lilikuwa zuri. Aliigeukia milango, akaona jinsi mbao zilivyolingana na rangi ya ukuta, na akajisikia fahari, kwani si kila mtu baba yake ana mikono kama ile. Alijua kulikuwa na jambo jingine. Alilitafuta kifuani kwa uaminifu kabisa, akapapasa kila kona, na alichokikuta pale kilikuwa nafasi.

Nyumbani baba aliuliza kama milango imefungwa.

"Imefungwa, baba. Imekaa vizuri."

Kitinda alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Halafu akavuta jagi la maji.

Siku ya wazazi fundi alikuja na shati la pasi na bisibisi mfukoni, kwa kuwa hajawahi kutoka nyumbani bila bisibisi, na kisanduku chake cha vifaa alikiacha kwa mlinzi getini. Viti vilipangwa chini ya turubai. Mheshimiwa alihutubia, tai ikigusa magoti. Mwenyekiti wa Klabu ya Huduma alipewa kombe kwa ajili ya Mlango wa Hiari, na milango walisimama mstari wakapigiwa makofi. Chupa za maji zikagawiwa. Kitinda alipokea yake kwa mikono miwili, akaishika mapajani, baridi ikimlowesha sketi, hakuifungua.

"Kunywa, mwanangu. Jua kali hili."

"Baadaye, baba."

Fundi alitazama chupa. Akatazama watoto wa vizibao vya kijani. Akageuza shingo polepole kuelekea vyoo, ambavyo kutoka pale alipokaa vilionekana vizuri mno, mianya minne myeusi.

"Waziri. Milango yangu iko wapi?"

Waziri alimwongoza bila shida yoyote, akimweleza njiani maendeleo yaliyopatikana. Kitinda alifuata nyuma na chupa yake. Fundi alisimama mbele ya nyumba ya Mchakato, akaweka kiganja kwenye ubao, mahali ambapo fundo la mti lilikuwa na umbo alilolijua.

"Na vyooni?"

"Vyooni milango wapo, baba."

"Ipo," alisema fundi kwa mazoea, kama alivyomsahihisha alipokuwa mdogo.

"Wapo."

Baba alimtazama binti yake usoni, upande huu, upande ule, kama anayetafuta ufa kwenye ubao. Hakuuona. Hapo ndipo mishipa ilipomsimama shingoni. Alitoa bisibisi. Alisema anaing'oa yote minne sasa hivi, mbele ya mkuu wa shule na mbele ya wageni wake, na ataifunga inakostahili kwa mkono wake, na atakayemzuia atamjua yeye ni nani. Kitinda alisimama wima. Rangi ilimpanda usoni, na vidole vyake vikaanza kuzungusha kifuniko cha chupa.

Skrubu za bawaba zilikuwa upande wa ndani. Fundi akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake, maana aliutengeneza ujifunge wenyewe.

Mabinti wawili walisubiri nje. Walimsikia akifoka. Fundi hakuwa mtu wa kufoka, na alifoka kwa muda, na maneno kama mwanangu na homa na aibu yalipenya kwenye mbao. Kisha sauti ikashuka. Kisha ikawa ya mazungumzo. Ilisikika sauti ya kumeza, ndefu kuliko kawaida. Waziri alimtabasamia mdogo wake, amtoe hofu.

Baba alitoka na bisibisi mfukoni. Nyusi zake zilikuwa zimetulia. Alivuta mlango, akausukuma, akauvuta tena, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Unakwaruza chini," alisema. "Waliufunga vibaya hawa watoto. Waziri, nikimbilie getini, niletee kisanduku, randa iko juu."

Waziri alikimbia. Fundi alipiga magoti kwenye saruji na shati lake la pasi, akafunga jicho moja, akatazama mwanya wa chini.

"Tunaondoka saa ngapi, baba?" aliuliza Kitinda.

"Nikimaliza hapa. Siwezi kuacha kazi yangu inakwaruza."

Kitinda alirudisha kifuniko cha chupa, akakikaza. Waziri alileta kisanduku, baba akachukua randa, na Kitinda akakaa juu ya kisanduku, akabana miguu, akatazama maganda membamba ya mbao yakidondoka moja moja.